Magofu yenu na simu mbili: 3D, video fupi, redio au siku ya magofu?

Tuseme mko saba kwenye kikundi: mwalimu wa historia, mtembeza wageni, na vijana watano waliomaliza kidato cha nne. Magofu yako robo saa kwa miguu kutoka shuleni. Mna simu mbili zenye kamera nzuri na fedha za mwaka mmoja, na kila mtu ana lake. Mmoja anataka modeli ya 3D, umbo la kuzungusha kwenye skrini, kama aliyoiona mtandaoni. Mwingine anataka TikTok. Mwalimu anataka kuwaleta wanafunzi, na mzee wa mtaa anauliza kwa nini hamjaenda redioni. Fedha hazitoshi kufanya yote vizuri. Mchague lipi?

Nimeshiriki katika zote nne kwa nyakati tofauti, pwani ya kusini ya Tanzania, na hapa naziweka bega kwa bega. Kipimo changu nakitaja mapema, ili asiyekubaliana nacho ajue tunaachana wapi: siangalii ni watu wangapi walitazama, naangalia ni wangapi walijibu. Magofu ya pwani yetu yamechorwa na kupimwa kwa muda mrefu. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba magofu ya Gede, Kenya, mwaka 1948, na mwenzake Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960. Vipimo vipo, na ramani za kuta zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni maneno ya watu wanaoishi kando ya kuta hizo, na maneno hayo yanazeeka pamoja na wenye nayo.

Modeli ya 3D

Kuna njia mbili za kuipata. Ya kwanza ni skana ya leza, mashine ya kusimamisha juu ya miguu mitatu inayopima ukuta kwa mamilioni ya nukta. Mradi wa Zamani Project wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulirekodi magofu ya visiwa vya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa vifaa vya aina hiyo. Bei yake hufika makumi ya mamilioni ya shilingi, kwa hiyo tuiache. Ya pili ni fotogrametria: unapiga picha nyingi zinazopandiana, programu inatafuta nukta zilezile katika kila picha, kisha inajenga umbo. Kwa kitu cha ukubwa wa mtungi, simu yenye programu ya Polycam au RealityScan inatosha. Kwa ukuta mzima mtahitaji kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, na programu ya bure kama Meshroom.

Kazi yenyewe inafundishika kwa asubuhi moja. Sisi tulianza na kigae kimoja, yaani kipande cha chombo cha udongo kilichovunjika, juu ya ndoo iliyopinduliwa, kivulini barazani, rula kando yake. Picha 80, ukikizunguka mara tatu: mara ya kwanza usawa wa kigae, mara ya pili juu kidogo, mara ya tatu ukiinamia. Jaribio letu la kwanza liliharibika kwa sababu tulilifanya saa sita mchana juani. Kivuli cha mpigapicha kilikuwa kinapita juu ya kigae, na modeli ikatoka na mabaka. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zikiwa na kina zinasumbua, na ukuta uliofunikwa na majani yanayopepea unasumbua zaidi.

Kuna mahali ambapo 3D haina mpinzani. Nyayo za Laetoli, alama za miguu za viumbe wa kale wa jamii ya binadamu kaskazini mwa Tanzania, zina umri wa miaka milioni 3.66, na mtu akienda leo hazioni, kwa sababu zimefukiwa makusudi. Zilipofukiwa mara ya kwanza mwaka 1979, mchanga uliotumika ulikuwa na mbegu za migunga. Migunga ikaota, mizizi ikaanza kutishia nyayo, na katika miaka ya 1990 serikali ya Tanzania na Getty Conservation Institute, taasisi ya uhifadhi ya Marekani, ikabidi wafukue, warekodi na kufukia upya kwa utaratibu bora. Kwa mtoto wa Arusha anayetaka kuona alama ya kisigino ile, modeli ndiyo njia. Vivyo hivyo mabaki ya viumbe wa kale ya Turkana, Kenya: tovuti ya African Fossils, inayoongozwa na mtafiti Louise Leakey, inakuruhusu kuzungusha mafuvu kwenye skrini na hata kupakua faili la kuyachapisha kwa plastiki, na mwanafunzi akalishika mkononi fuvu ambalo asilia yake haitoki kabatini.

Kuna sababu nyingine ya kurekodi, nayo inauma. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka pale Mji Mkongwe, Zanzibar, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, na watu walikufa. Ukuta wa matumbawe hauwapi taarifa. Kama kona ya msikiti wenu imeanza kuachana, pigeni picha zake wiki hii, hata kama hamjui programu mtakayotumia. Picha zikiwepo, modeli inaweza kujengwa baadaye.

Sasa upande wa pili. Modeli nzuri ya chumba kimoja inaweza kufika MB 100. Dakika moja ya sauti ya WhatsApp haifiki hata MB 1. Mtu anayenunua bando la siku hatafungua modeli yenu, na akifungua, simu yake itakwama. Nimewahi kumwonyesha mvuvi modeli ya birika la Husuni Kubwa, jumba la sultani pale Kilwa Kisiwani, lile lenye pembe nane juu ya jabali la bahari. Aliizungusha mara mbili, akasema "nzuri", akanirudishia simu. Sikupata swali hata moja. Siku nyingine tulisimama naye ukingoni mwa birika lenyewe, akazungumza nusu saa: maji yalipandishwaje, waliofanya kazi hiyo ni akina nani, na kwa nini sultani ajenge mbali na mji.

Kuna lingine la kuchunga. Kundi moja la wageni, sitalitaja, lilikuja kijijini likaskani kuta kwa siku tano. Jioni ya mwisho wanakijiji walionyeshwa kompyuta kwa dakika kumi. Faili halikubaki. Mpaka leo tukitaka kuonyesha msikiti wetu kwa 3D inabidi tuombe kwa barua pepe, na majibu hayaji. Kwa hiyo kabla ya kumruhusu yeyote apime, andikianeni: nakala kamili inabaki kijijini kwenye diski, nakala ya pili inakwenda Mambo ya Kale, ofisi ya serikali inayosimamia magofu, na maelezo yanaandikwa kwa Kiswahili kabla ya lugha nyingine.

Video fupi

Hapa gharama ni ndogo na watazamaji ni wengi. Tatizo ni kile ambacho sekunde 45 zinakifanyia historia. Chukueni mfano mmoja. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini kabisa mwa nchi yao. Tano kati yake zilikuja kutambuliwa kuwa za Kilwa. Ni kisa cha kweli, kinasisimua, na video yake itasambaa jioni moja. Lakini njia zilizopitia sarafu hizo hazijulikani, na palepale ziliokotwa pamoja na sarafu za Kiholanzi. Video inayosema "Wakilwa waligundua Australia" itatazamwa mara kumi zaidi ya ile inayosema ukweli, na kesho mwanafunzi ataiandika kwenye mtihani.

Ninachopendekeza ni kutumia video fupi kama mwaliko tu. Onyesheni mkono ukipita juu ya ukuta, onyesheni tundu za boriti, ulizeni swali moja, kisha toeni siku na saa ya kukutana. Video yetu iliyofanya kazi kuliko zote haikuwa na muziki. Ilikuwa ni fundi chokaa anapanga magogo kwa duara, anaweka matumbawe juu, anawasha moto, kisha kesho yake anaonyesha jivu jeupe na kusema, "Hii ndiyo saruji ya babu zetu." Maoni yalikuja kutoka Lamu, Pemba, mpaka Muscat, kila mtu akieleza tanuri la kwao linavyopangwa. Niliyanakili maoni yote kwenye daftari, kwa sababu jukwaa lile si letu, na akaunti ikifungwa yanapotea.

Redio na sauti za WhatsApp

Hii ndiyo njia ninayoipenda, na sitaficha.

Redio ya jamii inafika shambani, jikoni na kwenye mashua. Haihitaji bando, wala kusoma. Tulipewa nusu saa kila Jumatatu usiku, na kipindi cha kwanza tulikijenga juu ya hadithi ambayo kila mtu wa Kilwa ameisikia kwa namna fulani: mgeni kutoka Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kukizungushia. Hadithi hiyo imo katika tarikh ya kale ya Kilwa, yaani maandishi ya historia yake. Hatukuwaeleza wasikilizaji ipi ni sahihi. Tuliuliza, "Wewe uliambiwaje?" Simu zilianza kabla hatujamaliza kusoma. Mmoja alisema nguo zilikuwa nyeupe. Mwingine akasema za rangi. Mama mmoja alisema bibi yake hakutaja nguo kabisa, alitaja ushanga. Nusu saa haikutosha, na mtangazaji akatuongezea.

Udhaifu wa redio ni kwamba haionyeshi kitu. Zidaka za ukutani huwezi kumweleza mtu asiyewahi kuziona. Ndipo WhatsApp inapokuja kama pacha wake. Picha inapita kundini, sauti inaieleza, na majibu yanarudi kwa sauti pia, hata kutoka kwa asiyejua kuandika.

Nitoe kisa kimoja kwa ukamilifu. Tuliweka kwenye kundi la mtaa picha ya kigae cha ukingo, na sauti ya sekunde 40: "Shikamooni wazee wetu. Hiki tumekikuta juu ya ardhi, hatukukichimba, na tumekiacha palepale. Ni cha chombo gani?" Kijana mmoja akaandika "cha zamani". Kimya. Baada ya sala ya isha ikaingia sauti ya bibi mmoja kupitia simu ya mjukuu wake, na nyuma yake unasikia sufuria zinasuguliwa.

"Marahaba wanangu. Hicho ni cha chungu cha kupikia, si mtungi. Tazameni masizi, yameishia shingoni. Mtungi wa maji haukai motoni. Na huo mkunjo wa ukingoni ni wa kukalia mkungu, usiteleze."

Mkungu ni kifuniko cha udongo, na ukikigeuza kinakuwa sahani. Nusu ya vijana wetu hawakulijua neno hilo. Mwalimu akamuuliza kwa heshima kama mikungu bado inafinyangwa. Bibi akaleta sauti tatu mfululizo: nani alifinyanga, udongo ulichotwa wapi, kwa nini ulichanganywa na mchanga. Katika ile ya tatu akataja jina la kisima ambacho kwenye ramani tuliyokuwa nayo ni duara dogo lisilo na jina. Kesho yake watu wanne walibishana naye kuhusu udongo, na mmoja akaja shuleni na mkungu mzima aliourithi kwa mama yake, ameufunga kwenye kanga.

Picha moja ya simu, bila 3D, imerudisha chombo, neno, jina la mahali na mtu wa kumfuata. Sijui njia nyingine iliyonipa vyote hivyo kwa gharama hiyo.

Kuna mambo mawili ya kiufundi ya kuzingatia. WhatsApp ikituma picha kwa kawaida huibana na kupunguza ubora wake. Ukiituma kama dokumenti ubora unabaki, lakini taarifa za mahali ilipopigwa nazo mara nyingi hubaki ndani ya faili. Kwenye maeneo yetu hili si dogo. Wapo watu ambao mpaka leo wanatembea na majembe wakitafuta "mali ya Mjerumani", hazina wanayoamini Wajerumani waliifukia, na kaburi la mnara likionekana kwenye ramani ya simu, usiku watafika. Zimeni alama ya mahali kwenye kamera kabla ya kwenda magofuni, au tumeni picha iliyobanwa. La pili: sauti za wazee zihifadhini nje ya simu, kila moja ikiwa na jina la mtaa, tarehe na ruhusa ya msemaji. Simu ikidondoka baharini, kundi linabaki, lakini sauti za miaka miwili nyuma huenda msizipate tena.

Siku ya magofu

Njia hii inagharimu zaidi ya redio na inafikia watu wachache. Siku yetu ya kwanza walikuja 60, na saa tisa alasiri wote walikuwa wameondoka. Ukihesabu fedha kwa kichwa, hakuna mfadhili atakayefurahi. Mimi ningeifanya tena kila mwaka.

Mtoto anayepewa kamba yenye mafundo kila nusu mita, akaambiwa apime chumba na kukilinganisha na chumba anacholala, hasahau. Songo Mnara kuna nyumba zaidi ya 40 za matumbawe, na mtu akipita katika vyumba vyake, kutoka cha nje mpaka cha ndani kabisa, miguu inamfundisha habari za faragha ambazo picha haziwezi. Leteni fundi chokaa. Leteni mfinyanzi. Bagamoyo watafiti walifuatilia ujenzi wa ngalawa hatua kwa hatua, fundi akiwa kazini na vifaa vyake, na ujuzi wa namna hiyo hauelezeki vizuri mpaka umwone mtu anausogeza mkono.

Mipango yake ina mitego ya pwani. Kama magofu yako kisiwani, angalieni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kabla ya kutangaza tarehe, la sivyo wanafunzi watatembea topeni na viatu mkononi. Kivuli na maji ya kunywa ni lazima. Chai na maandazi huongeza saa nzima ya mazungumzo. Na jiandaeni kwa jambo litakalotokea bila shaka: mtu ataleta kutoka nyumbani ushanga, sarafu, kipande cha bakuli la Kichina. Msinunue. Msichukue. Pigeni picha, andikeni alikokikuta, mrudishieni, mkamweleze ofisa wa Mambo ya Kale. Siku mtakayonunua kimoja, mmefungua soko.

Ramani na Wikipedia

Nazipitisha haraka, kwa sababu hazishindani na hizo nne, zinazisaidia. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 ulionyesha kwamba wanafunzi na wakazi wanaweza kuchora mitaa yao kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichangia, na ramani hiyo ikatumika kweli katika kupanga kinga ya mafuriko. Majina ya visima, bandari na mitaa ya zamani yanafaa kuingia humo. Makaburi na mahali pasipo na mlinzi msiyaweke. Wikipedia ya Kiswahili inahitaji makala ndefu na picha zilizotolewa kwa leseni huru. Jioni moja kwa mwezi inatosha, na kilichoandikwa kinabaki hata kikundi kikivunjika.

Kwa hiyo mchague nini

Kama kuta zenu zinaanguka, au bahari inakula ufuko kama inavyofanya Kilwa Kisiwani, anzeni na picha za fotogrametria. Kilwa ilikuwa miongoni mwa maeneo matano ya dunia ambayo CyArk na ICOMOS, mashirika ya kuhifadhi urithi, pamoja na Google waliyachagua kuonyesha uharibifu unaoletwa na mabadiliko ya tabianchi, mradi uliotangazwa mwaka 2020, na modeli za mwaka mmoja mkizilinganisha na za mwaka unaofuata mtaona ni sentimita ngapi zimekwenda. Fanyeni hivyo kwa ajili ya kumbukumbu na kwa ajili ya ofisi. Msitarajie mtaa mzima ujae mbele ya skrini.

Kama kuta ni imara na tatizo ni kwamba watu hawazijali, wanachukua mawe ya kujengea, wanachungia mbuzi ndani ya msikiti, basi fedha zote za miezi sita ya kwanza ziende redioni na kwenye sauti. Mtu haibi jiwe la ukuta ambao bibi yake aliuzungumzia hewani Jumatatu iliyopita. Nimeliona hilo kwa macho yangu katika mtaa mmoja, mbuzi walihamishwa na wenyewe bila ofisa kufika.

Kama mko karibu na mji wa watalii na mnataka kipato, video fupi zitawaletea wageni, ila mwekeni mwalimu wa historia azikague kabla ya kupandishwa. Kama mna shule tatu ndani ya kilomita tano, siku ya magofu inashinda yote, na sauti za WhatsApp zitaendeleza mazungumzo mwaka mzima baada ya hapo.

Nikilazimishwa kuchagua mbili tu kwa kikundi kile cha watu saba, nachukua redio pamoja na sauti, halafu siku moja ya magofu. Simu ya pili nampa kijana mwenye subira apige kona zote zilizopasuka, picha 80 kwa kona, kila baada ya masika.

Vyovyote mtakavyoamua, barua ya kibali inatangulia. Tanzania Bara magofu yako chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Kenya wana sheria yao ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na Zanzibar ina ofisi zake. Droni inahitaji kibali kingine kabisa. Majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo andikeni barua hiyo leo, na wakati mnasubiri, nendeni mkawasalimie wazee watatu wanaokaa karibu zaidi na ukuta.